Sheria ya kutoa mimba: safari ya kifungu kimoja kutoka London

Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya makosa dhidi ya mwili wa binadamu. Kifungu cha 58 cha sheria hiyo kilieleza kuwa mwanamke anayejaribu kuitoa mimba yake, na mtu mwingine yeyote anayemtoa mwanamke mimba, anaweza kufungwa maisha. Maneno hayo yaliandikwa London, enzi za Malkia Victoria, lakini kivuli chake kimefika hadi katika mahakama za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Haikuwa sheria ya kwanza ya aina yake. Ile ya mwaka 1803 iliweka adhabu ya kifo kwa aliyetoa mimba baada ya mtoto kuanza kucheza tumboni, na adhabu nafuu kwa mimba changa zaidi. Sheria ya 1861 haikuzitenganisha hali hizo mbili. Wala haikutamka popote kwamba daktari anaruhusiwa kuitoa mimba ili kuyaokoa maisha ya mama.

Kesi ya Dk Bourne

Pengo hilo lilijitokeza hadharani mwaka 1938. Msichana wa miaka 14 alibakwa na wanajeshi mjini London na kupata mimba. Daktari bingwa Aleck Bourne wa hospitali ya St Mary's aliitoa mimba hiyo bila malipo, kwa ridhaa ya wazazi wa msichana, kisha yeye mwenyewe akawaarifu polisi.

Alishtakiwa katika mahakama ya Old Bailey. Jaji Macnaghten aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba sheria inakataza kutoa mimba "isivyo halali", na kwa hiyo ipo njia iliyo halali. Daktari anayeamini kwa nia njema kwamba mimba itamvunja mama mwili na akili, alisema jaji huyo, anaweza kuhesabiwa kuwa anayahifadhi maisha yake. Bourne aliachiwa huru.

Hata hivyo, uamuzi huo uliwafaa zaidi wenye nacho. Mwanamke aliyekuwa na fedha aliweza kumwona daktari wa akili na mpasuaji katika mtaa wa Harley. Maskini alikwenda uchochoroni kwa watu wasio na ujuzi, na wako ambao hawakurudi.

Mbunge aliyesoma Nairobi

Mwaka 1966 mbunge kijana wa chama cha Liberal, David Steel, aliwasilisha mswada wa kulegeza sheria hiyo. Steel alizaliwa mwaka ule ule wa kesi ya Bourne, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Nairobi, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Scotland.

Waziri wa Mambo ya Ndani, Roy Jenkins, aliuunga mkono mswada huo, na serikali ikawaachia wabunge wapige kura kwa dhamiri zao. Iliposomwa mara ya pili, kura 223 ziliunga mkono na 29 zilipinga. Lakini upinzani ulikuwa umeanza kujipanga nje ya Bunge, ukiongozwa na wale walioamini kuwa uhai wa mtoto aliye tumboni haupungui thamani kwa sababu hajazaliwa. Miongoni mwao alikuwa Dk Bourne mwenyewe.

Baada ya kikao kilichokesha hadi asubuhi mwezi Julai 1967, Baraza la Makabwela liliupitisha mswada. Sheria ilianza kutumika Aprili 1968. Iliruhusu mimba kutolewa endapo madaktari wawili wameridhika kwamba masharti yaliyowekwa yametimia. Lakini haikuifuta sheria ya 1861. Iliweka tu mlango pembeni yake. Ireland Kaskazini haikuguswa hadi mwaka 2019.

Mlango usiofika Afrika Mashariki

Katika makoloni, Waingereza walikuwa wamekwisha kuandika kanuni za adhabu zenye makatazo yale yale. Nchini Kenya, Uganda na Tanganyika, adhabu iliwekwa kuwa miaka 14 kwa mtoaji mimba, miaka saba kwa mwanamke mwenyewe na miaka mitatu kwa anayetoa dawa au vifaa huku akijua matumizi yake. Kifungu kingine kilimlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuyahifadhi maisha ya mama. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya daktari mmoja kutoka Kenya, iliufuata uamuzi wa Bourne.

London ilipobadilika mwaka 1967, nchi hizo zilikuwa tayari huru na zilibaki na maandishi ya zamani. Zambia, iliyopata uhuru 1964, ilichukua njia nyingine: mwaka 1972 ilitunga sheria yake kwa kufuata mfano wa ile ya Uingereza.

Ndiyo maana hoja kwamba kulegeza sheria ni jambo la kigeni huleta utata, kwani maneno ya katazo nayo yalikuja na meli. Lakini si haki kusema kwamba katazo lote ni la mkoloni. Mila nyingi zilikuwa na miiko yake, na wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wamejadili kwa karne nyingi hukumu ya mimba kabla na baada ya siku 120.

Katiba ya Kenya

Mei 2004 vijusi 15 vilikutwa vimetupwa Nairobi. Daktari mmoja na wauguzi wawili walishtakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande takriban mwaka mzima, kisha wakaachiwa huru mwaka 2005.

Mjadala huo uliingia hadi katika uandishi wa katiba mpya. Ibara ya 26 inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Lakini inaruhusu mimba kutolewa iwapo mtaalamu wa afya ataona pana haja ya tiba ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Viongozi wengi wa makanisa waliwataka waumini waikatae. Katika kura ya maoni ya Agosti 2010, takriban theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali.

Kanuni ya adhabu, hata hivyo, haikuandikwa upya ili ilingane na katiba. Mwongozo uliotolewa kwa madaktari mwaka 2012 uliondolewa mwaka uliofuata. Mwaka 2019, katika shauri lililohusu msichana aliyebakwa na hatimaye kufariki dunia kufuatia matatizo ya utoaji mimba usio salama, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuuondoa mwongozo huo kulikiuka sheria.

Na huko kilikoanzia, kifungu cha 58 kilirudi Bungeni. Juni 2025, baada ya wanawake kadhaa kushtakiwa kwa sheria ile ile ya Victoria, Baraza la Makabwela lilipiga kura 379 dhidi ya 137 kutaka mwanamke asishtakiwe tena kwa kuitoa mimba yake mwenyewe. Miaka 164 ilikuwa imepita tangu kifungu hicho kuandikwa.