Usafi wa kinywa
Usafi wa kinywa ni utunzaji wa meno, fizi na ulimi ili kuzuia meno kuoza na fizi kuugua. Bakteria walio katika ukoga, yaani utando unaonata kwenye meno, hubadili sukari kuwa asidi inayomomonyoa jino. Ukoga ukiachwa huganda kuwa ugaga.

Kinga. Meno hupigwa mswaki mara 2 kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutiwa dawa kiasi cha punje ya mchele. Soda, peremende na tumbaku hupunguzwa au huachwa.

Tanzania. Vijiti vya mti wa mswaki (*Salvadora persica*) vimetumika tangu zamani. Katika sehemu za Arusha, Shinyanga na Simiyu maji ya visima yana floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu, mswaki hauyaondoi.

Tahadhari. Kung'oa vichipukizi vya meno ya mtoto mchanga, viitwavyo "meno ya plastiki", kwa kudhani vinaleta homa au kuhara, ni hatari kwa uhai. Mtoto mwenye homa au kuhara apelekwe zahanati.