Pato la Taifa na Furaha ya Raia

Katika mwaka 1974 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Richard Easterlin, alileta hoja ambayo hadi leo haijatulia: kwamba ndani ya nchi moja matajiri aghalabu husema wana furaha kuliko maskini, walakini nchi nzima ikizidi kutajirika mwaka baada ya mwaka, furaha ya raia wake kwa jumla haizidi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wanaoishika ili kuidharau neema ya uchumi huivuta mbali kuliko inavyoweza kwenda.

Shahidi wake mashuhuri ni Japani, ambako baina ya mwaka 1958 na 1987 pato halisi la kila mtu liliongezeka takriban mara tano, ilhali waliohojiwa kuhusu maisha yao hawakuonekana kuridhika kuliko waliowatangulia. Sababu iliyotolewa ni tamaa, nayo ilikuwa dhahiri: katika miaka ya 1950 matarajio ya kila nyumba yalikuwa televisheni, mashine ya kufulia na jokofu, vilipokwisha kuenea, miaka ya 1960 ikaja na gari, kiyoyozi na televisheni ya rangi, na aliyeridhika jana akajiona amepungukiwa leo, kwani macho hayana pazia, na jirani amekwisha nunua.

Hata hivyo, mwaka 2008 wataalamu wa uchumi Betsey Stevenson na Justin Wolfers waliirudia hesabu hiyo wakakuta kwamba kipimo chenyewe hakikuwa kimoja. Hadi mwaka 1963 jibu la juu kabisa katika hojaji lilimruhusu mtu kusema kwamba ameridhika kwa jumla, ijapokuwa si kwa kila jambo; tangu mwaka 1964 likamtaka akiri kuwa ameridhika kikamilifu, na ni wachache wenye ujasiri wa kukiri hivyo. Mizani ikibadilishwa katikati ya kupima, mwenye insafu hafungi hesabu.

Na tujaalie kwamba mizani ilikuwa sawa, bado iko neema isiyopimika nayo. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1961, Japani ilikamilisha bima ya afya kwa raia wote, na umri wa kuishi ukarefuka kwa takriban miaka kumi. Mzazi ambaye mwanawe ameokoka maradhi ya utotoni haamki kila asubuhi akishukuru kwamba hakumzika. Siha ikizoeleka huhesabiwa kuwa hali ya kawaida, na mwenye kuulizwa kama ameridhika hufikiria gari asilokuwa nalo. Ukimya wake hauthibitishi kwamba hakupata kitu, maana hakuna ambaye angekubali kuirudisha miaka hiyo kumi.

Basi ukuaji wa uchumi una mafungu mawili: lile linaloondoa hofu ya njaa, maradhi na uzee usio na msaada, na lile linalochochea mashindano ya vyombo baina ya majirani. Fungu la pili hujila lenyewe, na Easterlin alilieleza vema. La kwanza ni haki ya raia hata wasipolisifu. Dola inayojigamba kwa asilimia za ukuaji iulizwe ni hofu ipi imeiondoa, na katika nyumba za nani.