Kwa nini GPS yako imejaa nanga na samaki?



Wauzaji wa kahawa wameanza kuniuliza habari za pointi za mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu inataka kahawa inayoingia kwao ijulikane imetoka shamba gani, kwa namba za latitudo na longitudo, na shamba linalozidi hekta 4 lionyeshwe mipaka yake yote. Kwa hiyo vifaa vya GPS vya mkononi vinazunguka vijijini kuliko zamani. Navyo vinazunguka na kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya.

Miaka kadhaa iliyopita nilizunguka na kamati ya kijiji kimoja siku mbili nzima kupima mipaka ya malisho. Tulichukua pointi 87. Kila nilipobonyeza, kifaa kiliweka bendera na namba: 001, 002, 003. Maelezo niliyaandika kwenye daftari, na daftari likalowa mvua. Tulipofungua kompyuta tukaona bendera 87 zinazofanana kama mapacha. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, sasa kisima ni kipi hapo?" Sikuwa na jibu. Kisima kile kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye jiwe la mpaka, na ukibadilisha bendera moja kwa nyingine, maji yanahama kutoka kwa wafugaji kwenda kwa wakulima. Mnajua wenyewe jambo kama hilo linaishia wapi. Tulirudia kazi yote, na safari hiyo hakuna aliyelipwa posho.

Kosa lilikuwa langu, lakini bendera ile ina historia yake.

Alama za ramani huchaguliwa na anayetengeneza ramani, kwa kazi aliyonayo yeye. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, na ramani nyingi za Tanganyika na Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilitokana na kazi ya idara hiyo. Ndege zilipiga picha kutoka juu, na wachoraji wakachora wakiwa Uingereza: mito kwa bluu, mistari ya miinuko kwa kahawia. Ni kazi nzuri, na mpaka leo utazikuta ofisini. Ila ndege haioni mpaka wa ukoo, wala haijui kwamba mti ule mkubwa ndipo mifugo inapopita kiangazi. Yasiyoonekana kutoka angani yalihitaji mtu aliyefika na kuuliza.

GPS nayo ilianza kwa kazi ya watu wengine. Jeshi la Marekani lilirusha setelaiti ya kwanza ya mfumo huo mwaka 1978. Kifaa cha kwanza cha mkononi kuuzwa kwa raia kilikuwa Magellan NAV 1000, mwaka 1989, kwa bei ambayo mkulima wa hapa asingeigusa. Walioweza kununua vifaa vya aina hiyo walikuwa wenye boti, wawindaji, wapanda milima. Ndiyo maana ukifungua orodha ya alama kwenye Garmin unakuta nanga, samaki, hema, hata mafuvu. Mkulima wa Dodoma afanye nini na nanga? (Wa Ukerewe mtanisamehe.)

Hata hivyo, kwa miaka mingi kifaa hicho kisingekufaa shambani hata ukipewa bure. Jeshi lilivuruga mawimbi ya raia kwa makusudi, na pointi iliweza kukosea hadi mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000, na kosa likashuka hadi mita kumi na kitu au chini yake. Hapo ndipo ikawezekana kupata alama ya kisima ukasimama karibu na kisima chenyewe.

Mwaka 2002 ukaja mtindo wa faili uitwao GPX, ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Ndani ya faili hilo alama haisafiri kama picha. Inasafiri kama neno, jina la alama. Kifaa au programu ya ofisini isiyolijua neno hilo huweka alama yake ya kawaida, na visima vyako vyote vinarudi kuwa bendera au vidoto. Vifaa vingine vinakubali uchore picha zako ndogo kwenye kompyuta na kuzipakia, na zinapendeza, lakini hizo ndizo za kwanza kupotea faili likihama. Kwa hiyo badilisha alama, na jina pia libadilishe. KISIMA1, MPAKA4, GHALA. Vifaa vya zamani vinapokea herufi chache, basi fupisha. Fanya hivyo ukiwa umesimama pale pale, kabla hujapiga hatua.

Mkipewa namba zilizosomwa kwenye zile ramani za zamani, angalieni pembeni ya karatasi. Nyingi zilitumia msingi uitwao Arc 1960, na kifaa chako kinatumia WGS 84. Ukichanganya hivyo viwili, shamba linahama takriban mita 300. Kifaa kina sehemu ya kubadilisha msingi huo kwenye mipangilio. Badilisha, ingiza namba, kisha rudisha WGS 84.

Tuliporudia kupima kule kijijini, tulikaa kwanza chini ya mwembe tukagawa alama. Bendera ikawa jiwe la mpaka, na hilo tu. Kijana mmoja akapendekeza fuvu liwe makaburi. Wazee wakakataa kabisa, wakasema wale si hatari, ni watu wetu. Makaburi yakapewa mti. Nanga tukaipa josho, kwa kuwa ng'ombe wanazama mle. Mwenyekiti aliandika orodha kwenye karatasi, tukaifunika kwa nailoni na kuibandika mgongoni mwa kifaa.