Spinachi Isiyo Spinachi: Mbegu na Bustani za Handeni na Korogwe

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Walimkebehi mvivu atafutaye kisingizio. Hawakumkataza mkulima kuchagua mbegu. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, uchaguzi wa mbegu ya mboga ya nyuma ya nyumba una historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imejificha ndani ya jina moja: spinachi.

Jani liuzwalo kwa jina hilo sokoni Korogwe, pana, lenye mikunjo na bua nene jeupe, ni ndugu wa bitiruti. Asili yake ni pwani za Bahari ya Mediterania, na Waarabu huliita silqi. Katika Sahihi ya Bukhari yamo masimulizi ya Sahl bin Saad kuhusu mwanamke wa Madina aliyepanda silqi kandokando ya mifereji ya shamba lake. Kila Ijumaa aliing'oa, akaipika pamoja na konzi ya unga wa shayiri, na Maswahaba wakipita kwake baada ya sala wakala. Sahl asema waliitamani Ijumaa kwa ajili ya chakula kile. Mboga ya bustani ya mwanamke mmoja ikaingia katika kumbukumbu za umma mzima.

Spinachi yenyewe ni mmea mwingine, ambao jina lake lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, likafika Ulaya. Mmea huo hauhimili joto. Kusini na mashariki mwa Afrika, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, silqi ikazoeleka kwa jina la mwenzake, na Kiswahili kikalipokea jina hilo bila kuuliza. Aina iliyoenea zaidi katika maduka ya pembejeo ni Fordhook Giant, yenye jina la shamba la kampuni ya mbegu ya Burpee huko Pennsylvania, Marekani. Zipo nyingine, kama vile Lucullus yenye jani la kijani hafifu, na zile zenye bua jekundu, lakini bustani nyingi hazikuzijua.

Mboga za Kizungu zilistawi kwanza milimani. Wajerumani walipoifanya Lushoto, wakati ule Wilhelmstal, kuwa makao yao ya hewa baridi, bustani zao zilipata ukungu na maji ya Usambara. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na tangu hapo barabara ya Mombo ikawa mlango wa mboga za mlimani kuteremka tambarare. Huku chini palitawala mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Manamba wa mashamba ya mkonge walipewa posho ya unga. Jani la kulia unga huo lilitafutwa kwingine.

Handeni haikuwa na mlima wa kuiteremshia mboga, wala mto kama Pangani. Katika karne ya 19 njaa iliwasukuma Wazigua wengi hadi pwani, wakavushwa kwa majahazi kwenda Somalia na kuuzwa. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya Mto Juba, wakaitunza lugha yao. Somalia ilipoparaganyika mwaka 1991, baadhi ya vizazi vyao walirudi wakiwa wakimbizi, wakapokelewa Mkuyu, Handeni, na baadaye Chogo. Waliobaki nyumbani nao hawakusalimika: kati ya 1894 na 1896 nzige walifyeka mashamba ya Uzigua na njaa ikaua watu.

Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, mboga huchaguliwa kwa hesabu nyingine. Mchunga, mnavu, mgagani na mlenda huchipua kwa mvua za mwanzo, wakati mahindi yangali machanga na ghala limekauka. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha makala kuhusu majani ya porini katika mlo wa watu wa Lushoto, akaonyesha kuwa yalikuwa nguzo ya lishe. Yaani hata huko kwenye mboga za Kizungu, uchungu wa mchunga haukuwa umetoka chunguni.

Tofauti kubwa imo katika mbegu. Silqi ina fadhila zake: huanza kuchumwa baada ya siku 50 au 60, na anayechuma majani ya nje tu huendelea kula miezi mingi. Lakini ni mmea wa miaka miwili, nao huhitaji baridi ili utoe maua. Katika joto la Korogwe aghalabu hauzai mbegu. Kila pakiti ikiisha, mwenye bustani hurudi dukani. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne, hupenda jua kali, na shina moja lililoachwa likomae humpa mwenyewe mbegu za kujaza bustani na kumgawia jirani. Hupukuchwa, hupepetwa, huhifadhiwa mpaka msimu mwingine.

Maji nayo yana neno lake. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi wa bomba kuu, ujulikanao kwa herufi HTM, wa kuyatoa maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni. Tangu hapo wilaya hizi mbili zimeunganishwa na bomba. Lakini ndoo ya maji Handeni bado ina thamani, na silqi hunywa sana.

Wataalamu nao walichelewa kuyatazama majani ya kienyeji. Kituo cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Arusha mwaka 1992 kiliyachukua mchicha na mnavu kama mazao yenye heshima, na mwaka 2011 zikaidhinishwa Tanzania aina za mchicha ziitwazo Madiira na za mnavu ziitwazo Nduruma na Olevolosi. Majina hayo ni ya huku huku. Mama wa Handeni aliyekuwa akificha mbegu za mchicha katika kibuyu hakuwahi kuzipa jina la kampuni wala la shamba. Alizijua kwa mkono, na alipomwoza binti yake alimfungia kidogo katika pindo la kanga.