Matangazo ya biashara kwenye intaneti: kwa nini makuta inaendelea kupunguka

Mtu wa Bukavu ao Butembo akifungua tovuti ya habari kwenye simu, anaona kando ya maandishi picha za magari, michezo ya bahati, dawa za kupunguza mwili. Wengi wanafikiri mwenye tovuti anaokota pesa nyingi pale. Zamani kidogo ilikuwa kweli.

Moja ya matangazo ya kwanza ya namna hiyo lilitoka tarehe 27 mwezi wa kumi 1994, huko Marekani, kwenye tovuti HotWired. Kampuni ya simu AT&T ililipa dola 30.000 kwa miezi tatu. Kati ya watu 100 walioliona, 44 walilibonyeza. Leo, mara nyingi hata mtu 1 juu ya 100 habonyezi.

Sababu ni ya sokoni tu. Mahali pa kuweka matangazo pameongezeka bila mwisho, lakini macho ya watu na saa za siku zimebaki zile zile. Facebook na YouTube wanauza nafasi pia, tena wao wanajua umri wa mtu, mahali anaishi na vitu anapenda. Na wenye kusoma wamezoea kuruka matangazo bila kuyaangalia. Wengine wanaweka programu ya kuyazuia kabisa.

Mwaka 2003 Google ilileta AdSense. Hata tovuti ndogo haikuhitaji tena kutafuta wateja: Google yenyewe inaleta matangazo, kisha inagawa makuta. Mwaka 2010 ilisema wazi kwamba juu ya dola 100, mwenye tovuti anapata 68. Kutoka 2024 inalipa kufuatana na mara tangazo limeonekana, si mara limebonyezwa.

Kila mara ukurasa unafunguka, kunafanyika mnada mdogo kwa mashine, haraka kuliko kupepesa jicho. Katikati ya mwenye kulipa na mwenye tovuti kuko makampuni mengi, kila moja inakata yake. Uchunguzi wa ISBA na PwC, Uingereza, mwaka 2020, ulionyesha kwamba juu ya pauni 100, paka 51 zilifikia wenye tovuti. 15 hazikujulikana zilienda wapi. Mwezi wa ine 2025, tuzo la Marekani, jimbo la Virginia, lilikata kwamba Google ilivunja sheria kwa kujishikia sehemu ya soko hilo.

Huku mashariki ya Kongo kuko tatizo lingine. Bei ya mnada inategemea mwenye kusoma iko wapi. Akiwa Bruxelles, maduka yanayouza kwa intaneti yanapigania kumwonyesha viatu, maana wanaweza kumuletea nyumbani. Akiwa Beni, wanaojitokeza ni wachache, na bei inabaki chini. Kumbe habari ya barabara mbovu ya Beni inaweza kuingiza zaidi kupitia ndugu walio Ulaya kuliko kupitia wale wanaopita kwenye barabara yenyewe.

AdSense hailipi mbele ya kufikisha dola 100. Kama, kwa mfano, kuonekana mara 1.000 kunaleta nusu dola, itaomba mara 200.000. Na kuomba marafiki wabonyeze ili kusaidia ni hatari: Google ikitambua, inafunga konti na makuta inapotea.

Ndiyo maana redio na tovuti nyingi zinarudi kwa mteja wa karibu: mwenye depo, ajansi ya safari, shule inayotafuta wanafunzi. Bei inasikilizanwa uso kwa uso, na pesa yote inabaki. Lakini mashine ya mnada haijui jina la mwandishi. Mwenye depo anamujua, na siku habari inamugusa anaweza kupiga simu akiomba isitoke. Pale ambapo watu wanatosha, anayepokea matangazo hawi yule anayeandika habari. Kwenye redio ya watu wawili ao watatu, mara nyingi ni mtu yule yule.