Hizbu, Afro na Mikono ya Bandarini

Wazee wa Unguja na Pemba wakitaja "zama za siasa" hukusudia miaka ya 1957 hadi 1963, mtu alipoulizwa kama yeye ni Hizbu (chama cha ZNP) au Afro (Afro-Shirazi) kabla hajapimiwa kibaba cha mchele.

Ilikuwa bado haijapita miaka kumi tangu mgomo wa 1948. Ule ulianzia kwa wachukuzi wa bandarini mwezi Agosti, ukaenea hadi kwa watumishi wa majumbani, na mji ukasimama. Walitaka ujira unaolingana na bei ya chakula. Chama cha siasa hakikuwapo nyuma yao.

Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1957. Pale mjini Unguja, mtaa wa Ng'ambo, Abeid Karume wa Afro alimshinda Ali Muhsin wa Hizbu, na Hizbu hawakupata kiti hata kimoja. Kisasi kilishukia mashamba. Skwota alikuwa akikaa kwenye ardhi ya mwenye mikarafuu, akipanda muhogo na ndizi katikati ya miti, na kodi yake ilikuwa kupalilia. Hapakuwa na karatasi; palikuwa na mazoea tu. Sasa baadhi ya wenye mashamba wakaanza kuwafukuza waliojulikana kuwa Afro. Afro nao wakasusia maduka ya Waarabu wa shamba, na wengi wa wenye maduka hayo, tusisahau, walikuwa Wamanga waliotoka Oman mikono mitupu. Basi masikini akamfungia masikini mwenzake riziki, na viongozi wa pande zote mbili wakahesabu wanachama.

Chama cha tatu kilikuwapo, ZPPP, lakini kazi yake ikawa kuuelemeza mzani. Januari 1961 Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Hao watatu wakagawanyika, viti vikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na watu 68 wakauawa katika ghasia. Mwaka 1963 Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya nusu, takriban asilimia 54, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP.

Kwangu mimi, hasara kubwa zaidi haimo katika hesabu hizo. Imo bandarini. Wafanyakazi waliokuwa kitu kimoja mwaka 1948 sasa walikuwa na mashirikisho mawili: moja la upande wa Afro, lililoungwa mkono na vyama vya wafanyakazi vya Magharibi, na jingine la upande wa Hizbu, lililotazama nchi za kikomunisti. Shirikisho moja likiitisha mgomo, la pili lilikuwa na kila sababu ya kuwaambia watu wake waende kazini.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliondoa mashirikisho yote mawili. Wachukuzi wakawekwa chini ya chama kimoja, Afro-Shirazi, ambacho sasa ndicho kilichokuwa pia mwajiri wao.