Udongo wa Göteborg, Matope ya Juja Farm

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kiwanda kimoja cha nguo mjini Göteborg, Sweden, kilikuwa na shida ambayo mtu yeyote aliyejenga upande wa Juja Farm ataielewa haraka. Kiwanda kilisimama juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo ukishuka, jengo linashuka nao, na halishuki sawasawa. Siku hizo mashine zilizungushwa na shafti ndefu iliyopita juu karibu na dari, ikishikiliwa na beringi nyingi njiani. Ukuta ukiinama kidogo tu, shafti inapinda, beringi inalemewa upande mmoja, inashika moto, inakufa. Mashine zinasimama, wafanyakazi wanakaa bure.

Aliyehangaishwa na hiyo kazi aliitwa Sven Wingquist. Mwaka wa 1907 alitoka na beringi yenye safu mbili za gololi, zikibingirika ndani ya pete ya nje iliyopinda kwa ndani kama bakuli. Shafti ikiinama, gololi zinaifuata. Mwaka huo huo kampuni ya SKF ikazaliwa.

Gololi zenyewe hazikuanzia kwake. Philip Vaughan wa Wales alikuwa na hataza ya gololi za ekseli ya gari la farasi tangu 1794. Na kule Marekani, Henry Timken, mtengeneza magari ya farasi wa St. Louis, alipata hataza yake mwaka wa 1898: badala ya gololi alitumia vigogo vidogo vya chuma vilivyochongoka upande mmoja. Gari likikata kona, mzigo unasukuma gurudumu kwa ubavu pia, na gololi za kawaida hazipendi kusukumwa kwa ubavu. Ndiyo sababu ukifungua gurudumu la mbele la Land Rover ya zamani utakuta wazo la Timken mle ndani, limejaa grisi nyeusi.

Mimi nilianza kufuatilia haya yote kwa sababu ya gari la magurudumu manane. Lililetwa kwenye gereji moja Ruiru ambapo huwa napitisha muda mwingi kuliko inavyofaa (mtu aliyeacha chuo na anayeandika kwa kulipwa kwa makala huwa na muda). Ni yale magari yanayotembea nchi kavu, yakifika bwawani yanaingia tu na kuelea, matairi yakipiga maji kama makasia. Ukoo wake ni wa Kanada. Miaka ya 1960 ndipo yalipoanza kule, na Argo, ambalo ndilo jina kubwa zaidi, lilitoka New Hamburg, Ontario, mwaka wa 1967. Wawindaji walitaka kitu cha kuvuka vinamasi. Leo Sudan Kusini, WFP hutumia magari ya namna hiyo, ila makubwa zaidi, kupeleka chakula mahali ambapo mafuriko yamemeza barabara.

Mwenye gari alikuwa na shida ndogo yenye bei kubwa. Ekseli moja ililia kama mlango wa zamani. Aliyemuuzia, ambaye hayuko nchini, alimwambia asubiri aletewe ekseli nzima na kikombe chake, na akataja bei ambayo ilimfanya fundi acheke kwa heshima.

“Mzee, tufungue kwanza,” fundi akasema. “Kilichokufa ni beringi.”

Magari haya mengi hayana springi. Tairi pana, lenye upepo kidogo, ndilo springi yenyewe. Ekseli inatoboa ubavu wa bodi na kutoka nje, na pale inapotokea kuna beringi na sili. Hapo ndipo uzito wote unakaa, na hapo ndipo maji yanabisha hodi. Tena kukata kona kwake ni kama kwa tangi la vita: upande mmoja unabanwa breki, ule mwingine unasukuma, magurudumu yanaburutwa kwa nguvu. Halafu kuna ujanja wa maji wenyewe. Ukiendesha, pale panapata moto. Ukiingia bwawani ghafla panapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia sili iliyochoka. Kesho yake ukifungua, grisi inafanana na chai ya maziwa. Baada ya hapo ni kutu, na kutu haina haraka.

Beringi ilipotoka, fundi aliipangusa kwa petroli na kuielekeza juani ili asome. Sasa hapa ndipo ninapoipenda historia hii. Karibu kila beringi ya kawaida ina namba ubavuni, na namba hiyo si siri ya kampuni. Chukua 6205. Tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa 5: tundu ni milimita 25. Nje yake ni milimita 52, upana 15. 6204? Tundu 20. Hesabu hiyo inaanzia 04. Zilizo chini yake unakariri tu, 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Itengenezwe Sweden, Japani au China, 6205 itaingia palipotoka 6205. Herufi za nyuma zinakueleza mengine: 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina bati. Kwa gari linaloogelea, bati sahau.

Viwanda viliyafikia makubaliano haya polepole, na vita vilionyesha uzito wake. Tarehe 14 Oktoba 1943 ndege za Marekani zilirudi kupiga viwanda vya beringi vya Schweinfurt, Ujerumani, na 60 kati yake hazikurudi. Uingereza nayo, kuanzia mwaka huo, ilikuwa inatuma boti za kasi kuvizia usiku hadi Sweden kuchukua beringi, chini ya mtu aliyeitwa George Binney. Watu walikufa kwa ajili ya vitu ambavyo watoto wetu huvigeuza magurudumu ya vigari vya mbao.

Beringi ya lile gari ilisomeka UC206, kisha palikuwa na kutu. Ni aina ile ile inayoshika shafti za mashine nyingi za kusaga unga, hivyo haikuwa mgeni. UC206 ni milimita 30. Kijana wa gereji akapiga nduthi hadi dukani, akarudi nayo, ikakataa kuingia. Ikasukumwa. Ikakataa. Nyundo ikatajwa, fundi akaikataza. Ndipo vania ikaletwa, ekseli ikapimwa: 31.75. Hiyo ni inchi moja na robo. Iliyotakiwa ni UC206-20. Hiyo 20 ya mwisho inahesabu sehemu za kumi na sita za inchi: 20 kwa 16 ni moja na robo. Kwa nje zote mbili ni milimita 62, mapacha kabisa.

Fundi wa rika lake hakushangaa. Thika ilikuwa na kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoundwa 1974 na kuanza kutoa magari 1976, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Serikali ilishika asilimia 35, CMC na D.T. Dobie wakagawana zilizobaki. Land Rover zilifika kwenye masanduku, vipande vipande, zikaunganishwa hapa. Kuunganisha ni kazi, sikatai, lakini beringi zilibaki kutoka ng'ambo, na nyingi zilikuja na inchi za Mwingereza. Mafundi wa Thika walijifunza kubeba vipimo viwili kichwani. Magari ya Japani yalipofurika, milimita ilishinda, na vijana wakasahau kwamba 25 na 25.4 si kitu kimoja.

UC206-20 haikupatikana Ruiru wala Thika. Ilipatikana Nairobi, Kirinyaga Road, ambayo wauza spea bado wanaiita Grogan, jina la mkoloni aliyejisifu kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Muuzaji hakuuliza gari aina gani. Alitaka namba, akataka kuona ile ya zamani. Fundi naye aliigeuza ile mpya mara tatu, akatazama kama maandishi yamechongwa vizuri au yamepakwa tu, akaizungusha karibu na sikio. Beringi bandia zimejaa, na boksi zuri halimaanishi chochote.

Akanunua mbili, za pande zote za ekseli ile, na sili mpya. Jioni mwenye gari aliuliza kama sasa anaweza kuingia bwawani. Akaambiwa ndiyo, ila kila akitoka majini apige grisi kwenye nipeli mpaka ile ya zamani itoke na maji yake, siku hiyo hiyo, hata kama amechoka.